Msilipe mtu "kurekebisha" PDF 600. Anzeni na faili la Word

Simamisha hayo malipo kwanza, mkuu. Umesema halmashauri yenu imeagizwa kuhakikisha tovuti na nyaraka zake zinasomeka na wasioona na wenye uoni hafifu, na kuna kampuni imewapa bei ya kurekebisha PDF 600 zilizoko mtandaoni, malipo kwa kila ukurasa. Umeuliza pia kuhusu rangi, fomu, video za vikao na kile kitufe cha tovuti chenye alama ya mtu aliyenyoosha mikono, kinachodai kuwasaidia wasioona vizuri. Najibu la PDF. Hayo mengine nikiyakumbuka.

Msilipe kwa ukurasa. Naandika kwa herufi ndogo nisionekane nimepandwa na hasira, ingawa nimepandwa: msilipe mtu yeyote kurekebisha PDF kabla hamjabadilisha namna PDF hizo zinavyotengenezwa.

PDF inayosomeka kwa kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, ina tagi ndani yake, yaani alama zisizoonekana kwa macho zinazoiambia programu kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kichwa cha safu ya jedwali, na kipi kisomwe kwanza. Kampuni inachukua PDF yenu isiyo na tagi, inazipachika kwa mkono, inawarudishia faili safi. Mnafurahi. Baadaye mweka hazina anagundua tarakimu moja ya bajeti imekosewa. Anaisahihisha wapi? Kwenye Word yake. Anatoa PDF mpya, na tagi zote mlizolipia zimebaki kwenye ile ya zamani, kwa sababu hazikuwahi kuingia kwenye Word. Mnalipa tena hati nzima kwa ajili ya tarakimu moja. Na nyaraka za halmashauri hazitulii hata siku moja: viwango vya ada hubadilika, ratiba husogezwa, zabuni hutolewa nyongeza, bajeti hupitiwa upya katikati ya mwaka. Ni kutwanga maji kwenye kinu, ila huyu mwenye kinu anawatoza kwa kila pigo.

Na anajua. Msidhani hajui. Hawa jamaa wakija kuonyesha kazi wanafungua faili moja, wanabonyeza kitufe cha kuweka tagi kiotomatiki, skrini inajaa alama za vema za kijani, wakubwa wanatikisa vichwa, chai inaletwa. Ile vema ya kijani inathibitisha kidogo sana. Programu ya ukaguzi inaona kwamba picha ina maelezo mbadala, yale yanayosomwa badala ya picha, haioni kwamba maelezo yenyewe ni "picha1.jpg". Inaona kwamba jedwali lina tagi. Haijui kwamba safu ya "Kiasi" imeunganishwa na tarakimu za safu ya jirani. Mwongozo wa kukagua PDF/UA, yaani kiwango cha kimataifa (ISO 14289) cha PDF zinazosomeka na wote, unaitwa Matterhorn Protocol na umeorodhesha hali 136 za kufeli. Zaidi ya 40 kati ya hizo haziwezi kuamuliwa bila binadamu kutazama. Muulize muuzaji wenu nani kwao anazitazama hizo, kisha angalia macho yake yanaelekea wapi.

Halafu kuna kitu hukukisema, lakini nakiona kutoka huku niliko. Nyingi ya hizo 600 zimepita njia hii: zimeandikwa kwenye Word, zikachapwa, zikasainiwa, zikapigwa muhuri, zikaskaniwa, zikapandishwa kwenye tovuti. Yaani maandishi kamili mlikuwa nayo. Mkayageuza karatasi, karatasi mkaipiga picha, na sasa mnamtafuta mtu wa kuwatolea maandishi kwenye picha. Kisoma skrini kikilifungua faili la namna hiyo kinasema ni hati tupu, au kinakaa kimya. Jaribu sasa hivi: fungua PDF yoyote, bonyeza Ctrl+F, tafuta neno unaloliona kwa macho yako. Lisipopatikana, hiyo ni picha. Likipatikana, bonyeza Ctrl+A, nakili yote, bandika kwenye Notepad, uone maneno yanatoka kwa mpangilio gani. Hapo ndipo watu huanza kujikuna.

Muuzaji atakwambia "tutaipitisha kwenye OCR", yaani programu inayotambua herufi ndani ya picha. OCR inakupa herufi, haikupi vichwa wala majedwali. Na herufi zenyewe ni bahati nasibu pale muhuri ulipokaa juu ya maandishi: 5 inakuwa S, 8 inakuwa B, 0 inakuwa O, na kama programu imewekwa lugha nyingine isiyo Kiswahili, maneno nayo yanavurugika. Kwenye hotuba ya ufunguzi hilo linavumilika, hakuna anayeisoma. Kwenye jedwali la ada za leseni mnakuwa mmetangaza kiwango cha uongo chini ya nembo yenu, na aliyekisikia hana njia ya kujua.

Najua mwanasheria wenu atasema hati bila saini na muhuri si rasmi. Nakala yenye saini ibaki masjala, huko ndiko kwake. Ya mtandaoni itoke moja kwa moja kwenye Word, na mwishoni iandikwe kwa maneno: imesainiwa na nani kwa cheo gani, tarehe fulani, nakala yenye saini ipo masjala, kumbukumbu namba fulani. Aking'ang'ania, wekeni zote mbili, yenye maandishi ikitangulia.

Kwa hiyo kanuni ni moja: PDF haiguswi. Kinachorekebishwa ni faili la asili, na PDF inatolewa upya kila mara. Kwenye Word, kila kichwa kipewe mtindo wa "Heading 1", "Heading 2", "Heading 3". Njia ya mkato ni Ctrl+Alt+1, 2, 3. Kukoleza wino na kukuza herufi hakufanyi kichwa, kunafanya aya nene. Kama hampendi ile rangi ya buluu ya Word, badilisheni mtindo wenyewe mara moja, hati nzima itafuata. Jedwali litengenezwe kama jedwali, si kwa kupigapiga kitufe cha nafasi hadi safu zilingane. Mstari wa juu uwekewe alama ya kujirudia kila ukurasa, na msiunganishe visanduku, maana hapo ndipo kisoma skrini kinapopotea. Grafu iandikiwe inachosema ("makusanyo yameshuka robo ya tatu"), si "grafu". Tarehe ya mwisho ya zabuni msiiweke kwenye eneo la juu au la chini la ukurasa: vilivyomo humo kwa kawaida huhesabiwa mapambo kwenye PDF na havisomwi. Visanduku vya maandishi vinavyoelea navyo viacheni, husomwa mahali pasipotarajiwa.

Lugha ya hati iwekwe Kiswahili. Hili watu wanalidharau kuliko yote. NVDA, kisoma skrini cha bure kwenye Windows, inakuja na sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo. Lakini kama hati inajitambulisha kuwa ya Kiingereza, sauti inaweza kuyasoma maneno yenu kwa matamshi ya Kiingereza, na "ada ya leseni" ikatoka kama mtalii anayeuliza njia. Kwenye kurasa za tovuti ni vivyo hivyo, lang="sw" iwepo mwanzoni mwa kila ukurasa. Jazeni pia jina la hati kwenye sifa za faili, la sivyo msomaji anaweza kukaribishwa na "tangazo final final 2 limepitishwa na bosi".

Kutoa PDF: tumieni "Save As" kisha PDF, fungueni "Options", hakikisheni kisanduku cha "Document structure tags for accessibility" kimewekwa alama. Msipitie "Print" na kuchagua printa ya PDF, kwa sababu njia hiyo inatupa muundo wote mlioutengeneza. Hapa ndipo kazi nzuri ya siku nzima inapokufa kwa kubofya mara mbili. Wa LibreOffice, kwenye dirisha la kutoa PDF kuna kisanduku cha "Tagged PDF", na matoleo ya karibuni yana cha PDF/UA.

Fedha mliyotaka kuipa ile kampuni itengeneze violezo. Halmashauri haina aina nyingi za hati: muhtasari wa kikao, tangazo la zabuni, jedwali la ada, bajeti, taarifa kwa umma. Kila moja iwe na kiolezo chenye mitindo, lugha na jedwali tayari. Na anayefundishwa ni katibu muhtasi anayechapa, si kijana wa TEHAMA. Yule wa TEHAMA anapokea PDF dakika ya mwisho, kazi yake ni kuipandisha na kulaumiwa.

Hizo 600 za sasa? Angalieni takwimu za upakuaji za mwaka mzima. Zile ambazo hazina msomaji na hazitakiwi kisheria kuwepo, ziondoeni. Tangazo la ukurasa mmoja ligeuzeni ukurasa wa tovuti, PDF ya nini? Kwenye simu ukurasa wa tovuti unajipanga wenyewe, PDF inamlazimisha mtu mwenye uoni hafifu kuvuta kushoto na kulia kila mstari. Zinazohusu huduma za leo, tafuteni Word zake mzirekebishe. Word imepotea? Chapeni jedwali upya na mtu mwingine alihakiki. Zilizobaki za zamani wekeeni maelezo ya namna ya kuomba nakala inayosomeka, na namba ya simu inayopokelewa na mtu.

Kile kitufe, hapana. Hakigusi PDF hata moja, na anayehitaji kisoma skrini au kukuza maandishi tayari anacho kwenye simu yake. Rangi: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na wote, kiwango cha AA, inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandhari yake iwe 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa, yaani pointi 18 na kuendelea au 14 yaliyokolezwa. Kulikuwa na la nne sijui la tano, sipandi tena juu kulitafuta.

Kama bado mnataka kuisikiliza ile kampuni, wapeni Word ya bajeti yenu yenye jedwali refu kuliko yote, muwaambie wairudishe Word, si PDF tu. Wakiileta, mkiwa wote mezani, ongezeni mstari mmoja kwenye jedwali, toeni PDF wenyewe, ifungueni kwenye Adobe Reader huku NVDA imewashwa. Bonyeza T kufika kwenye jedwali, kisha Ctrl+Alt na mshale wa kulia. Kila unapoingia safu nyingine lazima usikie jina la safu pamoja na tarakimu. Ukisikia tarakimu tupu, hakuna malipo, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya saini.