Idiotes si mjinga: kwa wadogo zangu mnaoanza kutafsiri sheria za kale

Wadogo zangu, wiki hii nimepokea rasimu tatu kutoka kwenu, na zote tatu zimeandika "mjinga" pale penye neno la Kigiriki idiotes. Nawapenda, lakini hili limenichosha.

1. Katika sheria za Athens, idiotes ni mtu asiye na cheo. Kiswahili kina neno lake tayari: raia, kama tunavyosema askari kavaa kiraia.

2. Kosa hili nililifanya kabla yenu. Mwanzoni mwa kazi nilipewa kijitabu cha historia ya sheria kwa madarasa ya watu wazima. Ndani yake mlikuwa na maneno ya Demosthenes, msemaji maarufu wa Athens, katika hotuba yake dhidi ya adui yake Meidias: ukimpiga au kumtukana arkoni, yaani kiongozi wa juu wa mji, akiwa amevaa shada la madaraka, unapoteza haki za uraia, ukimfanyia hivyo akiwa idiotes, unashtakiwa kwa kesi binafsi tu. Nikaandika "akiwa mjinga". Sentensi ikagoma. Arkoni awe mjinga kwa sababu kavua shada? Hapo ndipo ningesimama. Badala yake nikaitengeneza: "ukimpiga mjinga, kesi ni ndogo." Ikasomeka vizuri, ikachapwa.

Nikaalikwa darasani. Mzee mmoja alisoma ukurasa ule kwa sauti, kidole chini ya kila neno, mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, kwa hiyo sisi tusiosoma tukipigwa, kesi yetu ni ndogo?" Nikamjibu kwamba hayo yalikuwa ya Wagiriki wa kale. Akaitikia kwa kichwa: "Kumbe tangu zamani." Hakukasirika. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Usiku ule nilirudia maandishi ya asili na kuliona kosa. Wiki iliyofuata nilipeleka masahihisho. Mzee hakuwepo, na vitabu vilikuwa vimeshagawiwa vijiji vingine.

Sentensi ikigoma, msiilazimishe. Nipigieni simu hata usiku.

3. Tazameni neno limekaa na nani. Katika Matendo 4:13, mbele ya Baraza, Petro na Yohana wanaitwa agrammatoi (nitalieleza hapo chini) na idiotai (wingi wa idiotes), na Biblia yetu inasema "wasio na elimu, wasio na maarifa". Hapo idiotes ni mtu asiyepitia mafunzo ya wataalamu.

4. Rusticus, neno la Kilatini la mtu ambaye wanasheria wa Roma wakati mwingine walimsamehe kwa kutoijua sheria, si "mshamba", tafadhali. Ni mtu wa kijijini.

5. Katika sheria ya Uingereza neno idiotes, likiwa "idiot", liliishia kumtaja mwenye ulemavu wa akili. Sheria yao ya 1913 bado ililitumia. Huko tafsiri ni nyingine kabisa.

6. Agrammatos ni asiyejua kuandika. Mikataba ya Misri ya kale, iliyoandikwa kwenye karatasi za mafunjo, imejaa "nimeandika kwa niaba yake kwa kuwa hajui herufi", sawa na dole gumba letu. Lakini mkumbukeni Petaus, karani wa kijiji cha Ptolemais Hormou, Fayum, miaka ya 184 hadi 187 baada ya Kristo. Kuna karatasi aliyojifunzia saini yake mara 12, na njiani anaangusha herufi bila kugundua. Karani mwenzake, Ischyrion, aliposhtakiwa kuwa hajui kuandika, Petaus alimtetea: si kweli, mbona anatia saini!

Petaus alikuwa na cheo na kuandika kulimshinda; idiotes wa Athens aliweza kuwa msomi bila cheo chochote. Rasimu nimezirudisha mezani kwenu. Anzeni upya na ukurasa wa Petaus.