Folda ya bajeti imefutwa kwenye SharePoint

Ndugu, kama nimekuelewa, kila mfanyakazi wenu hapo Malindi ana mamlaka kamili kwenye SharePoint (huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni), na folda ya bajeti imefutwa. Usihangaike bado: kilichofutwa hukaa siku 93. Tazama pipa la taka la tovuti. Ikikosekana, msimamizi afungue pipa la pili, linalopokea vilivyoondolewa kwenye la kwanza.

Halafu bakisha wenye mamlaka wawili tu, mmoja akienda Lamu mwingine awepo. Waliobaki watie kundi la wahariri au wasomaji. Wahariri nao wanaweza kufuta, kwa hivyo bajeti ipewe maktaba yake (sehemu ya mafaili yenye ruhusa zake), ya wahasibu peke yao. Ruhusa za mtu mmoja mmoja, folda kwa folda, achana nazo, zitakuchanganya.

Kama kwenye SharePoint yenu mna taarifa za wagonjwa, muone mwanasheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inawahusu.