Unataka kuovakloki prosesa? Anza na volti

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kuovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kupita kasi iliyowekewa kiwandani, huanza na swali lilelile: nifike gigahezi ngapi? Nami humrudishia la kwangu: prosesa yako inakula volti ngapi sasa hivi, na inafika nyuzi ngapi ikiwa kazini? Kama hujui, funga BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kwanza. Weka HWiNFO, programu inayosoma volti na joto, iache kompyuta ifanye kazi nzito kwa muda, kisha andika ulichokiona. Bila namba hizo huwezi kujua umetoka wapi wala unaelekea wapi.

Kupandisha kasi kwenyewe ni hesabu ya kuzidisha. Kompyuta nyingi za leo zina kasi ya msingi ya megahezi 100, nayo huzidishwa kwa namba tunayoiita kizidishi: 100 mara 45, umepata gigahezi 4.5. Zamani watu walicheza na ile ya msingi. Celeron 300A ya Intel ya mwaka 1998 ilijipatia sifa kwa sababu ukiitoa kasi ya msingi kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa ya 300 inaruka mpaka 450. Siku hizi iache hapo ilipo, maana ukiigusa unaweza kuburuta na vifaa vingine visivyotaka kusumbuliwa. Gusa kizidishi tu.

Hakikisha kwanza kwamba kizidishi chako kimefunguliwa. Kwa Intel tafuta herufi K kwenye jina la prosesa, na ubao mama wenye chipuseti (chipu inayouongoza ubao) ya Z. Ryzen nyingi, prosesa za AMD, ziko wazi, na chipuseti za B na X zinakubali. Zile za A hazikubali. Kompyuta mpakato nakushauri uiache kabisa, kwa kuwa feni zake hazina pa kulipeleka joto la ziada. Soma pia masharti ya waranti, kwani kuovakloki kunaweza kuifuta.

Sasa turudi kwenye volti, ambako ndiko ningependa utumie muda wako. Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba. Tuseme umetoka gigahezi 4.5 kwa volti 1.20, ukaenda 4.8 kwa volti 1.30. Kasi imeongezeka chini ya asilimia 7, lakini joto la kazi limeongezeka karibu asilimia 25! Tena joto unaliona kwenye skrini, ilhali uchakavu unaoletwa na volti kubwa hauonekani hadi umeshatokea. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilieleza kwamba baadhi ya prosesa zake za Core za kizazi cha 13 na cha 14 zilikosa uthabiti kwa sababu zilipewa volti iliyozidi, ikatoa marekebisho kupitia BIOS. Hizo ni prosesa ambazo nyingine wenye nazo hawakuwahi kubadilisha kitu. Kwa hiyo sasisha BIOS kabla hujaanza.

Ukiingia kazini, usiiachie BIOS ijipangie volti. Bao mama nyingi, zikiona kizidishi kimepanda, humwaga volti nyingi kuliko inavyohitajika. Iweke mwenyewe, karibu na ile uliyoisoma mwanzoni. Pandisha kizidishi hatua moja, washa, pima. Ikishindwa, ongeza volti 0.01 au 0.02, si zaidi, upime tena. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukigusa vitatu kwa mpigo mashine ikigoma hutajua kipi kimegoma. Na usiazime namba za mtu mwingine: prosesa mbili za jina moja hazihitaji volti sawa.

Kuna mpangilio unaoitwa LLC, ambao wengi huupeleka juu kabisa. Prosesa ikipewa mzigo, volti hushuka kidogo, na LLC hupunguza mshuko huo. Ukiuweka mwisho, mzigo unapoachiwa ghafla volti inaruka juu ya uliyoiandika, kwa muda mfupi mno hata HWiNFO haiwezi kuuona. Mimi hubaki katikati na kuukubali ule mshuko.

Kuhusu joto, prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zikifika nyuzi 100, na Ryzen za mfululizo wa 7000 nyingi hujizuia kwenye 95. Hizo ni kuta za mwisho. Chini ya mzigo mzito wa majaribio mimi sipendi kuvuka 85.

Kupima ndiko kunakohitaji subira. Cinebench, programu ya kupima kasi, ikimaliza salama imekuambia tu kwamba unaweza kuendelea. Washa Prime95 au OCCT, programu za kuibana prosesa kwa mzigo mzito, uiache saa nyingi. Fungua dirisha la Prime95 uangalie mstari mmoja mmoja: kiini kimoja cha prosesa kinaweza kuandika kosa la hesabu na kusimama, huku vingine vikiendelea na muziki wako ukicheza kama kawaida. Mashine haijazima, lakini imekosea hesabu, na kosa hilo siku nyingine litaangukia kwenye faili lako. Ndiyo maana nakala za kazi zako ziwe zimeshahifadhiwa kwingine. Pitia pia kumbukumbu za matukio za Windows. Ukikuta makosa ya WHEA, yaani makosa ya vifaa ambayo Windows imeyanasa, bado hujafika. Iache pia ikae bure bila kazi, kwani zipo zinazostahimili mzigo kisha zikaanguka zikipumzika.

XMP, mpangilio unaoikimbiza RAM kupita kasi yake ya kawaida, nayo ni kuovakloki. Izime mwanzoni, umalize prosesa, ndipo uiwashe na kuipima kwa MemTest86.

Kwa wenye Ryzen mpya ningeanzia mahali pengine. Ukikaza kasi moja kwa viini vyote unaweza kupoteza ile kasi ya juu ambayo kiini kimoja hujipandishia chenyewe. Tumia Curve Optimizer, mpangilio wa BIOS unaopunguza volti ya viini, anza na -10 kwa viini vyote, upime. Unapunguza volti, joto linashuka, na prosesa inapata nafasi ya kujipandisha yenyewe.

Simama pale megahezi 100 za mbele zinapodai volti nyingi kuliko hatua zote zilizotangulia. Kompyuta ikikataa kuwaka, chomoa waya wa umeme kabla ya kufuta CMOS (kumbukumbu inayotunza mipangilio ya BIOS) kwa njia iliyo kwenye kitabu cha ubao mama wako, au toa betri yake kwa dakika chache. Ukishapata mpangilio uliotulia, uhifadhi kwenye BIOS na uupige picha kwa simu pia, maana kusasisha BIOS mara nyingi hufuta kila ulichohifadhi humo.