Kasia la vipande viwili: kitufe au leva? Jibu refu kutoka Jinja

Kwa wanaoingia sasa: ndugu yetu wa Entebbe ana kayaki ya ziwani, anaiacha ufukweni kwa rafiki yake, ila kasia analilaza nyumbani lisije likapata mwenyewe mwingine. Wikendi anapanda nalo boda. Kasia la zaidi ya mita mbili kwenye boda ni kesi na kila kioo cha gari kati ya nyumbani na ziwani, kwa hiyo anataka la kugawanyika. Dukani ameoneshwa mawili, moja la kitufe na moja la leva, na anauliza achukue lipi. Waliotangulia wamejibu kwa bei na kwa uzito. Mimi nitajibu kwa mchanga.

Kazi yangu ni kukarabati vyombo vya mtoni hapa Jinja. Makasia ya vipande viwili yanayofika mezani kwangu ni nadra kuwa yamevunjika bapa, ule upande mpana unaovuta maji. Yanaletwa kwa sababu kiungo kinacheza, au kwa sababu kimegoma kufunguka, na mara nyingi mkosaji ni yule yule. Mchanga ukiingia kwenye kiungo husaga kuta mpaka zilegee. Ukikwama humo, huvishika vipande viwili kama kabari. Kwa hiyo dukani usiulize kiungo kinafungaje. Vyote hufunga vizuri dukani. Uliza kitafungukaje jioni, baada ya kulazwa ufukweni na kuloa.

Tuanze na kitufe. Ndani ya upande dume, ule unaoingia ndani ya mwenzake (upande jike), kuna springi ya bati la chuma iliyopindwa umbo la V, na kwenye ncha yake kuna kitufe. Upande jike una matundu, mara nyingi matatu: moja la kuweka mabapa mawili sambamba, na mawili ya kulipindisha bapa moja kulia au kushoto, kwa digrii 60 katika mengi ya yale ya bei nafuu. Unasukuma, kitufe kinaruka tunduni, tak, umemaliza. Hakuna cha kusahau wala cha kukaza, na mtu asiyejua lolote anaweza kuliunganisha gizani.

Lakini vitufe si ukoo mmoja. Kwenye kasia la alumini la bei ya chini, bomba linaingia ndani ya bomba likiwa na nafasi tangu kiwandani, na anayezuia mpini usizunguke ni kitufe peke yake. Kila unapovuta maji, kitufe kinagonga ukingo wa tundu. Tundu linapanuka, likipanuka kitufe kinapata nafasi ya kugonga kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo mambo yanapoharibika kwa kasi. Piga hesabu: mpini wa kipenyo cha sentimita 3 una nusu kipenyo cha milimita 15. Tundu likilegea kwa nusu milimita tu, mpini unazunguka karibu digrii 2, na ukingo wa bapa, ulio kama sentimita 9 kutoka katikati, unayumba milimita 3. Kwa maandishi ni kidogo. Mkononi, saa nzima ziwani, utakiona kifundo cha mkono wako kinavyolalamika, maana kila mvuto kinatafuta pembe ya bapa upya.

Kasia la kitufe lililo zuri ni kitu kingine. Kiungo chake ni cha fiberi au kaboni, kimesagwa mpaka dume na jike vikabanana kwa karibu sana, hivyo mzigo unabebwa na kuta zenyewe na kitufe kinabaki mlinzi tu. Likiwa safi huwezi kulitofautisha na kasia zima. Tatizo lake ni huko huko kubanana: chembe moja ya mchanga haina pa kwenda. Ukilisukuma likiwa na mchanga umelisaga mwenyewe. Hili ni kasia la mtu mmoja, mwenye nidhamu, anayesuuza pande zote mbili kabla hajaziunganisha na tena baada ya kuzitenganisha.

Leva sasa. Hapa upande jike una mpasuko kwenye mdomo, na kwa nje kuna mkanda wenye leva na bolti ndogo. Ni kile kishikizo cha nguzo ya kiti cha baiskeli: ukilaza leva, mdomo unabanwa na unaushika upande dume mzima. Haushikwi kwa tundu, unashikwa kwa msuguano, kwa hiyo hakuna kitu cha kupanuka. Pembe kati ya mabapa mawili unachagua yoyote unayotaka, na mengi yanakupa pia urefu wa kuongeza, kiasi cha sentimita 10. Watu wa urefu tofauti wanaweza kulitumia kasia moja. Na jambo ambalo muuzaji hatakwambia kwa sababu halijui: leva ikiwa wazi, dume linaelea ndani ya jike kwa nafasi ya kutosha. Mchanga ukiingia unautumbukiza ziwani, unatikisa, unatoka. Kwangu mimi hiyo peke yake imeshamaliza ubishi kwa mtu anayeanzia ufukweni mwa mchanga.

Kasoro zake zipo. Bolti ya leva hulegea taratibu, na kasia litaanza kujizungusha siku una upepo wa pembeni, si siku ziwa limelala. Namna ya kupima: leva ianze kukaza ikiwa nusu ya njia, na kuilaza kabisa kudai kiganja, si kidole kimoja. Ikilala kwa kidole, kaza bolti robo mzunguko, ujaribu tena. Usiikaze kwa hasira, leva nyingi ni za plastiki na jua letu halizihurumii. Pia hukaa nje ya mpini, kwa hiyo kamba hupenda kuinasa. Ziwani si neno. Kwenye maporomoko ya Nile kama Itanda au Kalagala, kamba na leva ni mchanganyiko nisioutaka hata kidogo.

Kuna aina ya tatu, ya kukaza kwa ufunguo wa pembe sita kupitia kitundu kwenye mpini. Nje hakuna kilichochomoza na ndani kunabanwa vizuri sana. Ila ufunguo ni mdogo, na Nile ni kubwa. Basi.

Mtu mmoja huko juu amesema waongozaji wa Jinja hawatumii kabisa makasia ya kugawanyika, kwa hiyo hayafai. Nusu yake ni kweli. Mtoni tunashika kasia zima, kwa sababu kwenye maporomoko kiungo hakina faida yoyote inayolipia hatari yake. Lakini la kugawanyika vipande vinne lipo, limelala nyuma ya kiti ndani ya kayaki, la akiba. Lina viungo vitatu, vyote vya kitufe, na likitumika tunayazungushia viungo tepu ili lisicheze. Halifurahishi. Linakufikisha nchi kavu, na hiyo ndiyo kazi yake. Halafu bwawa la Bujagali hapa mtoni, lililoanza kazi mwaka 2012, lilizamisha baadhi ya maporomoko na juu yake pakabaki maji tulivu. Kwenye maji hayo mipini ya vipande viwili inafanya kazi bila shida, kama itakavyofanya kwako Entebbe. Ya mtoni hayakuhusu.

Kwa hiyo, ndugu wa Entebbe: leva. Utalibeba kwenye boda likiwa limefunguliwa, vumbi jekundu litaingia, utafika ufukweni, utasuuza, utafunga. Ukubwa wa pembe usiuchagulie hapa jukwaani. Anza na mabapa sambamba, kisha upepo wa mchana unaotoka ziwani ukianza kukupiga bapa lililo juu, zungusha kidogo kidogo mpaka lipite kwa ukingo. Hiyo ndiyo raha ya leva, unajaribu ukiwa majini. Ila kama bei imekubana na lililobaki ni la kitufe la fiberi, na hakuna mwingine atakayeligusa, chukua bila wasiwasi. La kitufe la alumini mwachie anayekodisha.

Dukani shika mabapa yote mawili, yazungushe kinyume, moja mbele moja nyuma, kisha ukunje mpini katikati kama unataka kuuvunja, polepole, kidole gumba cha mtu mwingine kikiwa juu ya kiungo. Kidole husikia mchezo ambao jicho halioni.

Matunzo hayana siri. Maji safi, kisha hifadhi vipande vikiwa vimetenganishwa. Kwenye mabomba ya alumini hili ni lazima: unyevu na ile springi ya chuma huifanya alumini itoe unga mweupe, unga unajaa nafasi, na kiungo kinaganda. Huku kwenye maji baridi huchukua muda. Jamaa wa Mombasa mnajua chumvi inavyoharakisha. Na tafadhali, wanaoshauri grisi au mafuta ya kupikia, acheni. Mafuta hukamata mchanga na kuugeuza msasa. Kiungo kikigoma, usikipige nyundo: watu wawili, kila mmoja na kipande chake, mikono karibu na kiungo, mzungushe kinyume huku mkivuta. Cha kitufe, kwanza kisukume kitufe ndani na kumwagia maji kuzunguka ukingo wake, maana punje iliyokaa chini yake ndiyo mara nyingi inayokizuia.

Swali lake la pili, kama kasia zima alilonalo linaweza kukatwa na kutiwa kiungo: linaweza. Viungo huuzwa peke yake, hugandishwa kwa gundi ya epoksi. Kabla ya msumeno, piga mstari mmoja mnyoofu kwenye mpini kuvuka mahali utakapokata, la sivyo hutaijua tena pembe ya mabapa. Gandisha upande mmoja, uache mpaka kesho, ndipo ufanye wa pili kwa kufuata mstari. Kipimo kinachohitajika ni kipenyo cha ndani ya mpini, si cha nje, na hakipimwi kwa rula. Mtafute fundi mwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, kisha uandike namba hapa na useme mpini ni wa alumini au fiberi.