Maswali yenu kuhusu ngome: kuta za nyota, Fort Jesus na ule mstari wa Maginot

Maswali yamekuja mengi, nimechukua haya matano.

Kwa nini ngome za zamani Ulaya zina minara mirefu ya duara halafu za baadae ni fupi, nene, zina pembe kama nyota?

Mizinga bana. Ukuta mrefu ulijengwa kuzuia watu wenye ngazi, na hiyo kazi uliifanya vizuri miaka mingi. Sasa mwaka 1494 mfalme wa Ufaransa, Charles VIII, akavuka milima ya Alps kuingia Italia na mizinga ya shaba ya magurudumu inayorusha vyuma badala ya mawe, na mwaka uliofuata ngome ya Monte San Giovanni ikaanguka ndani ya saa chache tu. Waitaliano wakaona hapa urefu ni hasara, ukuta mrefu unaonekana kutoka mbali na ukipigwa chini wote unakuja.

Wakaushusha, wakaufukia nusu ndani ya handaki na nyuma yake wakajaza udongo, maana udongo unameza kombora, jiwe linapasuka. Zile pembe nazo siyo urembo. Mnara wa duara una sehemu pale chini kwenye miguu yake ambayo mlinzi aliye juu haioni hata akichungulia vipi, adui akifika pale anachimba kwa raha zake. Pembe iliyochongoka inaondoa hiyo sehemu, kwa sababu mzinga uliofichwa kwenye ubavu wa pembe moja unafagia uso wa pembe ya jirani yake. Yaani kila upande unalindwa na mwenzake, na mimi hapo ndo huwa nawavulia kofia, ni hesabu tupu za mistari.

Mi wa Mombasa. Fort Jesus si ya Wareno? Mbona wengine wanasema ya Kiitaliano?

Pesa na bendera za Wareno, ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ndo maana ukiitazama toka juu unaona zile pembe pembe nilizosema hapo juu. Ilianza kujengwa 1593. Na uzuri wake ndo unafundisha: Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, na kilichowamaliza waliokuwa ndani zaidi ni magonjwa na njaa, mizinga haikufua dafu. Mwisho wamebaki wachache mno wa kulinda ukuta wote ule, Waomani wakapanda wakaingia. Meli za msaada toka Goa, makao ya Wareno kule India, zikafika siku chache baadae zikakuta bendera ya Oman inapepea, zikageuza. Ngome inakununulia muda tu jamani, huo muda usipotumika na wenzako walioko nje basi imekula kwako.

Kama hizo nyota zilikuwa kali hivo, mbona bado zilitekwa?

Kwa sepetu na subira. Mfaransa Vauban, ambaye mwenyewe alikuwa mjenzi wa ngome (Lille, Neuf-Brisach na nyingine kibao), huko Maastricht, mji wa Uholanzi alioushambulia 1673, alichimba mahandaki yanayokwenda sambamba na ukuta, la kwanza mbali, la pili karibu, la tatu karibu kabisa, yakiunganishwa na mitaro ya zigizaga ili mzinga wa ngome usipate kupiga mtaro kwa urefu wake. Mji ulisalimu amri kama wiki mbili hivi baada ya kuanza kuchimba. Na huyo d'Artagnan mnayemjua kwenye hadithi ya Three Musketeers, yule wa kweli alifia hapo hapo.

Zege halikusaidia?

Lilisaidia kidogo. Liège, Ubelgiji, ilizungukwa na ngome 12 za zege zilizojengwa kuanzia 1888, ila zege lenyewe halina nondo. Agosti 1914 Wajerumani wakaleta mizinga ya sentimita 42, kombora moja kilo 800 hivi, tarehe 15 likaingia kwenye stoo ya baruti ya ngome ya Loncin. Wanajeshi wengi wako mule mule chini ya kifusi mpaka leo.

Maginot si ulikuwa ujinga mtupu?

Hapana, na hili huwa linaniudhi. Maginot ni ule mstari wa ngome Wafaransa waliojenga mpakani kwao na Ujerumani kabla ya vita kuu ya pili. Watu wanauchanganya na Eben-Emael, ngome ambayo ni ya Wabelgiji: Mei 10, 1940 askari wa Kijerumani wasiofika 90 walitua juu ya paa lake kwa ndege zisizo na injini, kule juu ni tambarare, hakuna waya wala bomu la kutegwa, wakalipua vyumba vya mizinga na kesho yake walinzi mia sita na zaidi wakasalimu amri. Maginot wenyewe ulitaka adui azunguke apite Ubelgiji, na akazunguka kweli, shida jeshi zuri la Ufaransa lilikimbilia kaskazini wakati vifaru vya Wajerumani vinapenya msitu wa Ardennes na kuvuka mto pale Sedan. Mkataba wa kusimamisha vita unasainiwa Juni 22, ngome kubwa bado ziko mikononi mwa Wafaransa, na baadhi ya makamanda waligoma kutoka mpaka walipotumiwa maofisa wa kwao wenyewe kuja kuwaambia vita imeisha.