Apu ya mapishi ya Kiurdu kwenye kompyuta: yaliyonikuta jikoni Maskati

Dada, umeuliza mawili kwa pamoja: utaifunguaje kwenye kompyuta ile apu ya mapishi ya Ramadhani aliyokupa jirani yako Mpakistani, na utaisomaje nawe Kiurdu hukijui. Yote mawili yamenikuta. Mimi ni Mzanzibari, niko Maskati mwaka wa kumi na moja sasa, na kaka yangu ameoa Karachi. Mwezi mtukufu ukiingia tunafuturu nyumba moja, watu kumi na wawili. Wifi yangu anarudi kazini alasiri, kwa hiyo anayekaa na sufuria tangu adhuhuri ni mimi. Watoto wake wanataka pakora na dahi bhalle, yaani bajia za dengu zilizozamishwa kwenye mtindi, wangu wanataka muhogo wa nazi na kaimati, na mama akikosa uji wa pilipili manga futari hiyo haijakamilika.

Nianze na kompyuta. Nilitaka skrini kubwa kwa sababu mikono ikishaingia kwenye unga, simu nayo ndiyo saa yake ya kuzimika. Unaigusa kwa kidole kimoja kisafi, kumbe si kisafi, inakurusha kwenye pishi jingine. Nikachukua laptopu kuukuu ya mwanangu nikaiweka juu ya friji.

Watu wengi watakwambia uweke emuleta, yaani programu inayoigiza simu ya Androidi ndani ya Windows. BlueStacks ndiyo inayojulikana zaidi. Inafaa ikiwa kompyuta yako ina nguvu. Wenyewe wanataka memori isiyopungua GB 4 na nafasi ya GB 5 kwenye diski, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Laptopu yetu ilikuwa na GB 4 hizo hizo, basi feni yake ikawa inalia kama mashine ya kusaga mahindi, na picha ya sambusa inafunguka nusu kwanza, nusu nyingine baada ya swala. Angalia pia kama virtualaizesheni, yaani uwezo wa kompyuta kuendesha mashine nyingine ya kuigiza ndani yake, imewashwa: fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza CPU, utaona pameandikwa Virtualization. Ikiwa Disabled, zima kompyuta, iwashe huku unabonyeza F2, F10 au Delete kulingana na aina yake, uingie BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya kompyuta kabla Windows haijafunguka, ukaiwashe huko. Na akitokea wa kukwambia Windows 11 ina Androidi yake ndani, mwambie hiyo Microsoft iliisitisha tarehe 5 Machi 2025.

Ukiamua emuleta, apu ichukue Play Store humo humo ndani. Mimi nilijifanya mjanja nikapakua faili la APK, yaani apu yenyewe ya kujiwekea kwa mkono, kwenye tovuti moja niliyoikuta tu, na laptopu ya mtoto ikaanza kuleta matangazo ya kamari. Ramadhani hiyo, kumi la mwanzo! Ilibidi tuifute yote tuanze upya.

Ninayotumia mpaka leo ni scrcpy. Jina halitamkiki, lakini ni ya bure na nyepesi. Inachukua kioo cha simu yako na kukionyesha kwenye kompyuta kwa kebo ya USB. Ingia Settings za simu, About phone, gusa Build number mara saba, halafu rudi kwenye Developer options uwashe USB debugging, yaani ruhusa ya kompyuta kuiendesha simu kwa kebo. Chomeka kebo, ifungue programu kwenye kompyuta, kubali ujumbe utakaotokea kwenye simu, basi. Kazi yote inafanywa na simu, laptopu inaonyesha tu, kwa hiyo hata iliyochoka inaweza. Mausi ikiingia unga unaifuta. Ukimaliza kupika, kaizime ile USB debugging, usiiache wazi ukachomeka simu kwenye kompyuta za watu.

Kabla sijaingia kwenye lugha, kuna jambo moja la emuleta ambalo naona hakuna aliyekutajia, nalo ndilo zito. Apu nyingi za Ramadhani zina saa za futari na daku pembeni ya mapishi. Emuleta haijui uko wapi mpaka uiambie. Yangu ilikuwa imebaki na mji wa Karachi, nami sikuona, maana jina liko kwa Kiurdu. Jioni ya kwanza imeandika magharibi saa 12:44, na mwadhini wa mtaani kwetu anaadhini saa 12:18. Tukacheka, tukala tende zetu. Usiku nilipolala ndipo likanijia: ikiwa magharibi yake iko nyuma ya yetu kwa dakika ishirini na kitu, basi na alfajiri yake ni hivyo hivyo, na mtu akila daku kwa kuifuata atakuwa anakula adhana imeshapita. Karachi wako mbele yetu kwa saa nzima ya ukutani, lakini jua halipishani saa nzima, ndiyo maana hesabu inakuja hivyo. Tena kalenda nyingi za Pakistani zina safu mbili, ya Hanafi (Masuni) na ya Jafari (Mashia), zinazopishana kama dakika kumi. Saa za swala zifuate za msikiti wako. Apu iachie mapishi.

Sasa Kiurdu. Ukiwa umepita chuoni ukahitimu juzuu zako, herufi robo tatu unazo. Zilizozidi ni chache: پ ni p, چ ni ch, گ ni g, na baadhi yake hata mabibi zetu walizitumia walipoandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ziko ٹ ڈ ڑ zenye ط ndogo juu, ni t na d na r za kukunja ulimi. Kinachotushinda ni mwandiko. Wao wanapenda nastaliki, maneno yanashuka kama yanateremka ngazi, nukta hujui ni ya nani. Hapa ndipo kompyuta iliponifaa kweli: nakili maandishi, yabandike kwenye ukurasa mtupu, badilisha fonti uweke ya naskhi kama Noto Naskh Arabic, na yote yanalala mstari mmoja kama msahafu. Wifi yangu hawezi kuitazama, anasema ni Kiurdu kilichopigwa pasi. Mimi ndiyo naanza kusoma. Ukikuta apu ambayo mapishi ni picha huwezi kunakili, na zipo nyingi, elekeza kamera ya Google Lens kwenye skrini, itayatoa maandishi.

Kutoa maandishi, nimesema. Kutafsiri ni habari nyingine, usiiamini mashine peke yake. Pishi langu la kwanza lilikuwa pakora, bajia za vitunguu na viazi za unga wa dengu, ambao wao wanauita besan. Tafsiri ikaniambia: unga wa dengu robo kilo, chumvi, pilipili, soda tamu. Nikajiuliza soda tamu kwenye bajia? Nikasema labda ndiyo siri yao. Nikafungua kopo la soda nyeupe kwenye friji nikamimina nusu kikombe. Bajia zikatoka tamutamu, zimebana, kwa ugumu kama kokwa za embe. Wifi akaja, akauma moja, akanyamaza kwa adabu, halafu akauliza, "Umeweka nini, wifi?" Nilipomwonyesha kopo akakaa chini kwenye sakafu kwa kicheko. Mitha soda ni magadi ya dukani, ile baking soda, na unaweka ncha ya kijiko.

Zipo nyingine za namna hiyo. چینی ni sukari, lakini neno hilo hilo ni Mchina, kwa hiyo utaletewa "vijiko viwili vya Kichina". Ikitanguliwa na دار ni mdalasini, na ukiitamka darchini utasikia kabisa kwamba mdalasini wetu ni ndugu yake. پاؤ ni robo kilo. Mashine iliniandikia mguu mmoja wa vitunguu. Iliyonitisha hasa ni دم kwenye biriani. Mimi na Kiarabu changu cha chuoni nikasoma damu. Weka kwenye damu dakika ishirini! Nikafunga laptopu. Kumbe kwao ni pumzi: unafunika sufuria vizuri, unapunguza moto, wali unaivia kwenye mvuke wake. Kwetu tungesema palia makaa, na laiti ningeambiwa hivyo nisingehitaji maelezo mengine.

Kwa hiyo nilikaa na wifi siku mbili kabla ya mwezi kuandama, tukaandika maneno kama arobaini kwenye karatasi, nikaibandika mlangoni mwa kabati. Mengi utashangaa unayajua: sharbat, achar, kabab, halwa, masala, na qeema ndiyo kima yetu. Haldi ni manjano, zeera ni bizari nyembamba, dhania ni giligilani, adrak tangawizi, lehsan thomu, elaichi iliki, laung karafuu, imli ukwaju, dahi mtindi, namak chumvi, tel mafuta. Chai ka chamach ni kijiko cha chai, khane ka chamach ni kijiko kikubwa. Hasb-e-zaiqa maana yake kadiri ya ladha yako, nayo utaikuta kila baada ya mstari, maana nao kama sisi hawapendi kupima. Sehri ni daku, iftari ni futari, roza ni saumu. Karatasi hiyo imenisaidia kuliko apu yenyewe.

Huku Maskati hakuna anayeshangaa mchanganyiko huu. Gwadar, iliyo pwani ya Pakistani leo, ilikuwa chini ya sultani wa Omani mpaka 1958, na Wabaluchi wamejaa mitaa ya Matrah tangu zamani. Haleem yao ukiionja utaijua, ni boko boko, ile ngano iliyopondwa na nyama, iliyotiwa dengu na viungo. Sheer khurma ya Idi ni tambi za maziwa na tende.

Na zile dahi bhalle nilizozitaja mwanzo, usizifuate kwenye apu mara ya kwanza, zinachanganya. Nunua maash, zile dengu nyeupe zilizokobolewa, ukiwa Dar au Mombasa waulize Wahindi urad. Roweka usiku, asubuhi saga na tangawizi kwa maji machache sana. Halafu lipige rojo kwa mkono, kuelekea upande mmoja, mpaka mkono uchoke. Dondosha tone kwenye bakuli la maji: likizama endelea kupiga, likielea tosha. Kaanga moto wa wastani, na zikitoka kwenye mafuta zitumbukize moja kwa moja kwenye maji vuguvugu yenye chumvi, robo saa. Zikamue taratibu katikati ya viganja, usizivunje, uzipange kwenye sinia. Mtindi upige na sukari kidogo na chumvi, umwagie mpaka zizame, juu yake ukwaju, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu ikasagwa, na pilipili ya unga. Zifanye baada ya adhuhuri zikae kwenye friji, saa ya futari zinakuwa zimeshanywa mtindi. Ile soda ya kopo mwachie anayefuturu nayo.