Kabla hujanipigia simu kwamba umegundua chanzo cha nyutrino

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji, "bro nataka kutafuta nyutrino zinatoka wapi huko angani, nianzie wapi?" Nyutrino ni zile chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu. Nikacheka peke yangu kwenye basi.

Data zipo bure dogo. IceCube, wale wawindaji wa nyutrino wenye vipima mwanga 5,160 vilivyofukiwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, walishamwaga mtandaoni data za miaka 10, matukio zaidi ya milioni moja ya chembe kunaswa. Mi nilizishusha kwa intaneti ya chuo, nikakusanya galaksi 200 zenye mashimo meusi yanayokula vizuri, nikawa napima moja moja, usiku wa tatu moja ikawaka, yaani nyutrino za upande wake zilizidi kawaida, uwezekano wa bahati peke yake kutoa kitu kama hicho ni 1 kwa 1,000! Nikampigia mama saa nane usiku. Akaniuliza kama nimekula.

Asubuhi nikaipeleka kikaoni kifua mbele. Jamaa mmoja anakoroga kahawa, hata hajaniangalia, kauliza tu, "umepima ngapi?" Mia mbili. Basi watu wakaanza kutabasamu. Ukijaribu mara 200, kuokota moja ya namna ile kwa bahati ni kama asilimia 18, sasa hapo kuna ugunduzi gani? Lakini angeweza kunivuta pembeni, jamani, mpaka leo naiona ile kahawa.

Kwa hiyo sikiliza. Nyutrino nyingi utakazoziona zimezaliwa humu humu kwenye hewa yetu, miale ya angani ikigonga anga, za mbali ni chache mno. Orodha yako iandike KABLA hujafungua data. Halafu vuruga mielekeo ya matukio kwa makusudi, pima tena na tena, uone bahati peke yake inaweza kukudanganya kiasi gani. Na uhesabu kila ulichojaribu, hata kile ulichofuta, narudia, hata ulichofuta.

Wenyewe IceCube, galaksi ya NGC 1068 waliyoitangaza 2022 ilikuwa na nyutrino kama 79 za ziada, na ile sigma 4.2 (kipimo cha jinsi matokeo yalivyo mbali na bahati tu) ni baada ya kukatwa "kodi" ya kujaribu orodha nzima ya vyanzo 110. Na bado waliita ushahidi, hawakuita ugunduzi. We na laptop yako ya mkopo una haraka ya nini?

Galaksi yangu bado ipo kwenye folda. Zikitoka data mpya naipima hiyo moja tu, na mama simwambii.